Mlango wa Toleo la Tatu

Kaka Dereva,

Shikamoo. Goti la mama limetulia, na paka amezaa ndani ya kabati lako, kwa hiyo mashati yako uyasahau.

Katuni yangu inasomwa sana kuliko nilivyotarajia. Limebaki toleo la nne tu, la mwisho, ambamo shujaa wangu Komba anavunja chumba cha adui na kuwatoa waliofungwa. Mchapaji ananisukuma nimalize, lakini tangu jana sijachora kitu.

Jana alikuja mteja pale kwa mchapaji, mpole, viatu vinang'aa. Akanunua nakala zote za toleo la tatu zilizobaki. Akafungua ukurasa wenye chumba cha adui, kile cha chini ya gereji ya bosi wako, ulichonisimulia ukicheka-cheka, nami nikakichora nikidhani umekitunga.

"Unachora vizuri, binti," akasema. "Huu mlango wa bluu uliuona wapi?"

Nikamwambia nimeutoa kichwani. Akatabasamu, akauliza kama nina kaka. Nikasema sina.

Ukiipata barua hii, usiende tena kazini. Sema unaumwa, kisha panda gari lolote lisilo la bosi wako, uende mbali. Nyumbani usije.

Katuni yangu haina rangi, kaka. Ni nyeusi na nyeupe kuanzia jalada hadi mwisho. Bluu ya ule mlango niliisikia kwako tu, mpaka jana.

Mdogo wako,
Vidole Wino