Ratili za Kina Mama wa Kanisa

Isola, Mississippi
Julai 20, 1986

Mwanangu Dorsey,

Natumai umefika kambi ya mazoezi salama na magoti hayakusumbui. Sisi huku wazima, ila joto linatukausha. Jumapili mchungaji alikuombea kwa jina, na Dada Ozella akadakia, "Nani wa kumwangusha? Mtoto yule tumemlisha wenyewe." Kanisa zima likacheka. Unajua wanavyojivuna. Tangu usikie kwamba timu kubwa za futiboli zinataka mbeba mpira mzito, wa kuukumbatia na kupenya ukuta wa watu, sahani zao hazikukoma mezani kwangu: kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi, keki. Umeondoka hapa na ratili mia mbili arobaini na sita, na kila moja ina mwenyewe. Dada Imogene anakutumia keki kwa posta. Kula, na usali.

Mama yako

Kambini, Wisconsin
Julai 29

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na keki imefika. Nina jambo, lakini usiwaambie kina mama. Kocha Haupt alinipandisha kwenye mizani, akanizunguka, akasema, "Niliagiza mbeba mpira, wameniletea kabati la nguo." Anasema thamani yangu ni moja tu: ikibaki yadi moja kufika mstari wa goli, uwanja mzima unajua mpira ninao mimi, na bado nipenye katikati yao. Kwa uzito huu nafika upenyo wanaonifungulia wenzangu umeshafungwa. Anataka mia mbili na thelathini. Tuko watatu na nafasi ni moja, na mwisho wa Agosti wasiotakiwa wanarudishwa makwao. Nakimbia juani nimevaa nguo za plastiki ili jasho linipunguze.

Mwanao Dorsey

Isola
Agosti 5

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila sijalala vizuri tangu nisome barua yako. Nimewaambia. Nisamehe, lakini Dada Imogene alikuwa na keki nyingine mkononi, ningemwambia nini? Dada Ozella akasema, "Mzigo tumemtwika sisi, basi tumsaidie kuutua." Wameamua kufunga kila Jumatano mpaka ufikie uzito huo. Dada Imogene, ambaye hata Ijumaa Kuu humkuta anatafuna, aliniambia pembeni, "Verlene, mwandikie mwanao apungue upesi."

Hizo nguo za plastiki zivue, na maji unywe. Heri urudi nyumbani mzito kuliko uletwe.

Mama

Isola
Agosti 15

Dorsey,

Hujambo? Hujajibu. Jumatano mbili tumefunga. Niandikie hata mstari mmoja, nijue tu unakunywa maji.

Mama

Kambini
Agosti 19

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Maji nakunywa. Nilikuwa naona haya kuandika. Nilifika mia mbili na thelathini, na Jumamosi tukacheza mechi ya kujaribiwa. Ikabaki yadi moja. Nikawahi, upenyo upo wazi kabisa, na kijana mdogo akanirudisha nyuma kama mlango. Mara ya pili vilevile.

Jumapili kocha aliponiita nilikuwa nimeshafunga begi. Akasema, "Ulipokuja ulikuwa unachelewa. Sasa unawahi, lakini huna cha kugongea. Hesabu nilikosea mimi. Ongeza kidogo, taratibu, nikuone mara moja tena." Akauliza ule uzito wa kwanza niliupata wapi. Nikamwambia kanisani. "Basi kanisa lirudi kazini," akasema, "ila lisije lote."

Mwanao

Isola
Agosti 28

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Barua yako niliwasomea Jumatano, matumbo yakinguruma. Niliposema "ongeza," kabla sijafika kwenye "taratibu," Dada Imogene alikuwa ameshaingia jikoni. Keki aliyoipika nimeikata nusu kwa mkono wangu mwenyewe, na nusu nakutumia. Nusu nyingine tumeila sisi, kwa shukrani.

Najua wiki hii ndiyo ya kurudishana makwao. Kitanda chako nimekitandika, si kwa kukosa imani. Nimekitandika tu.

Mama

Kambini
Septemba 2

Mama,

Shikamoo. Kitanda kiache hadi Krismasi. Ilibaki yadi moja, yule kijana akaja tena, tukaanguka wote wawili, yeye chini, mimi na mpira upande wa pili wa mstari. Nafasi ni yangu.

Leo mizani imesoma mia mbili thelathini na nane. Kocha akaigonga kwa kidole: "Hapo hapo. Mtu asikupe, mtu asikunyang'anye."

Kwa hiyo mwambie Dada Imogene asitume tena chochote. Mwambie na hili: kuandika maneno hayo kumeniuma kuliko kugongwa.

Mwanao Dorsey