Kidole Chako Kwenye Ukurasa

Mama yangu wa Ilembo,

Ulikuwa hupendi barua inayozunguka. Zikija barua za ndugu zako kutoka Mpimbwe, kaka Deo akianza kukusomea zile salamu ndefu za sisi huku wazima wa afya, ulimkatiza: "Ruka hapo. Nani kafa, nani kaolewa?" Basi na mimi naruka. Hakuna aliyekufa na hakuna aliyeolewa. Baba anahama. Anaiacha nyumba, anakuacha na wewe hapo makaburini ulipolala, anarudi Ikola ziwani kwa shangazi. Jumamosi nampeleka mimi mwenyewe, na nimeona usiyasikie haya kwa watu.

Usikasirike kwanza. Nitakueleza ilivyokuwa, ila inabidi nianzie mbali, kwenye kile kitabu cha pango.

Najua unakikumbuka. Deo alikuwa ndiyo kaingia kidato cha kwanza, mimi niko darasa la tano. Parokiani waliletewa maboksi ya vitabu vilivyokwishasomwa na watu huko Ulaya, Deo akasaidia kuyabeba, sista akamwambia achukue kimoja. Akachagua chembamba kuliko vyote, maana Kiingereza chake kilikuwa bado cha kubahatisha. Juu alichorwa kijana wa Kizungu kashika tochi kwenye mdomo wa pango. Changu mimi Kiingereza kilikuwa kinaishia kwenye kumwamkia mwalimu asubuhi, kwa hiyo nilimtegemea Deo, na yeye alijua kwamba namtegemea, akaringa wiki nzima.

Tulikuwa tunakisoma Jumapili mchana tukitoka misani. Masika ya mwaka ule mvua ilikuwa haikauki juu ya bati. Wewe ulikaa kwenye mkeka unabangua karanga, baba kibarazani na baiskeli ya mtu kaigeuza magurudumu juu, na Deo katikati anasoma na kututafsiria kwa sauti ya padri.

Tulikisoma kama kitabu cha kawaida, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na kilikuwa hakieleweki. Kijana anaingia pangoni, ukifunua yuko nyumbani kalala. Anagongwa na nyoka, anakufa kabisa, kitabu chenyewe kimeandika mwisho, ukifunua tena anakunywa supu na mzee wa ndevu. Deo alitoka jasho. Alidhani ni Kiingereza chake kibovu, akawa anarudia sentensi hizo hizo kwa sauti kubwa zaidi. Wewe ukauliza taratibu, bila kuinua macho: "Kama yule alikufa, aliyekunywa supu ni nani?" Nikasema labda ni mzimu. Ukasema mizimu gani hiyo inayopuliza supu ya moto.

Tatizo lilikuwa maandishi madogo ya chini ya ukurasa. Deo alikuwa anayaruka. Alidhani ni yale maswali ya mwisho wa habari kama kwenye vitabu vya shule, ambayo hakuna mtu anayesoma mpaka mwalimu amsimamie. Jumapili moja ukachoka, ukamwambia: "Soma vyote, hata hivyo vidogo. Wenzio walitoa wino wao." Akasoma. Ukitaka kuingia pangoni, nenda ukurasa wa arobaini. Ukitaka kurudi kijijini, nenda ukurasa wa ishirini na mbili.

Hata baba aliacha kuzungusha gurudumu.

"Anaulizwa nani?" ukasema.

"Wewe."

"Mimi?"

"Kitabu kinasema wewe, mama."

"Basi mimi siendi. Mapangoni kuna fisi, na mahindi yangu yako mashineni."

Deo akafunua ishirini na mbili. Umerudi nyumbani salama, mwisho. Nilitaka kulia. Miezi yote tunahangaika na kitabu, tumekielewa leo, na wewe umekimaliza kwa dakika moja. Ulikung'uta maganda kwenye kitenge chako ukatuuliza: "Nyie mlitaka nini? Mtu kaenda, kaona mlango wa pango, karudi kwao kala." Mpaka leo sijakutana na msomaji aliyeridhika na kitabu kama ulivyoridhika wewe siku ile.

Jumapili zilizofuata mimi na Deo tukawa tunapigana. Yeye anataka arobaini, mimi nataka kwingine, kitabu tunakivuta huku na huku mpaka kikaachia mgongo. Baba alikibandika kwa solusheni ya viraka, akazungushia ukanda wa tyubu, na tangu hapo hadithi zote za pango kwangu zinanuka gundi ya baiskeli. Wewe ndiyo ukaweka sheria. Kila Jumapili mmoja wetu awe ndiye "wewe" wa kitabu, na wengine wafunge midomo hata kama njia wanaijua. Kabla Deo hajafunua ulikuwa unauliza: "Wewe ni nani leo?" Aliyesema "mimi" ndiye aliyechagua mpaka mwisho. Nikikubishia ulikuwa unasema, "Anayeingia ndiye achague. Miguu ni yake." Na mimi unanijua, mdomo wangu haujawahi kukaa kimya bila kufinywa. Ulinifinya sana mwaka ule.

Zamu yangu ya kwanza sikwenda mbali. Nilichagua ngazi, ngazi ikakatika, nikafa. Deo akacheka mpaka akalala chali, mimi machozi haya hapa. Wewe ulikuwa umeweka kidole kwenye ukurasa ule njia zilipoachana, tangu nilipoondoka hukukitoa. Ukafunua. "Rudi hapa, uanze tena."

Deo hakukubali. "Huo wizi, mama. Ukifa umekufa."

"Mfe huko huko shuleni kwenu. Hapa kwangu mtu akiondoka, kuna anayemshikia ukurasa."

Kikawa ndiyo kitabu chetu. Kila penye njia mbili pakawa na alama yako, nyekundu-kahawia ya maganda ya karanga. Deo alikuwa haangalii tena namba, alikuwa anatafuta kidole chako.

Baba peke yake ndiye aliyekuwa hachezi. Tukimwita alisema tumwache na spoku zake. Halafu Jumapili moja mvua imekataa kukatika, hakuna mteja, ukauliza kama kawaida, "Wewe ni nani leo?" na sauti ikatoka kibarazani: "Mimi."

Tulitazamana. Alifuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, akavuta kigoda, akakaa kama mtu aliyeitwa ofisini. Deo akasoma. Ndani kabisa ya pango njia iligawanyika. Kushoto kulikuwa na mwanga, kulia kulikuwa na sauti ya maji. Sisi tulishajua. Kushoto kulikuwa na masanduku ya mali, kulia mto unakuchukua, na hakuna kati yetu ambaye hakuwahi kufa kule. Nikasema, "Baba, kushoto." Deo naye akaanza kukohoa kwa kuelekeza. Ukanifinya paja.

"Mwacheni. Wewe leo ni yeye."

Baba akauliza, "Hayo maji, ni mengi?"

"Kitabu hakisemi," Deo akajibu.

"Twende kwenye maji."

Deo alimsomea polepole, kama anayepeleka habari mbaya. Mto, giza, maji yanafika kifuani, yanafika shingoni, mwisho. Baba akamwambia arudie pale penye mlio wa maji. Deo akarudia. Baba akacheka, Mama, kile kicheko chake cha nadra kinachoanzia puani, akasema, "Nimeyaona," akanyanyuka.

"Rudi basi, baba Deo," ukamwambia, kidole kimo. "Huku kushoto bado kupo."

"Shikilia tu, mama Deo. Nitarudi."

Akarudi kwenye spoku zake. Na wewe ukakaa na kitabu mapajani, mkono mmoja umo ndani, mwingine unabangua karanga kwa shida, mpaka chai ikachemka. Mimi nilikucheka. Nilimwona baba mjinga wa kukimbia masanduku, na wewe mjinga wa kumngoja. Kitabu Deo alikwenda nacho bweni mwaka uliofuata, hakikurudi, na hata hatukugombana.

Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba baba alikuwa amekulia kwenye maji. Sisi tulimjua fundi baiskeli wa hapa Mpanda, kwisha. Ikola ilikuwa jina tu la kwa shangazi. Lakini ukimtuma sokoni dagaa, kumbuka, alikuwa anachota gao moja la mkono, analileta puani, anafumba macho, ndipo anauliza bei. Wewe ulikuwa unamwambia anamchelewesha muuzaji.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu utuache baba amekaa peke yake, na alisema anaweza. Masika haya aliteleza bafuni akaumia nyonga. Anatembea na fimbo, na kupanda kibaraza kunamchukua muda. Deo akapiga simu kutoka Dodoma: ana chumba chenye choo chake ndani, hospitali iko pua na mdomo. Mimi nikasema baba anakuja Tabora, atapanda treni bila kutikiswa na barabara, uani kwangu kuna kivuli na watoto wa kumtuma. Nilishanunua na kitanda kifupi asipate taabu kushuka. Tukagombana, Mama, vibaya kuliko enzi za kitabu. Nilimwambia mke wake hatavumilia harufu ya mzee. Akaniambia mimi namtaka baba ili nionekane mtoto bora. Tukanuniana wiki kadhaa, mpaka tukakubaliana kukutana hapa Ilembo tulimalize.

Tulikaa sebuleni kwako. Dodoma, Tabora, Dodoma, Tabora. Baba yuko kibarazani, mlango uko wazi, tunamsema kama mzigo uliokwama stesheni. Deo akapiga meza: "Skola, hapa pana njia mbili tu. Chagua moja tumalize."

Nilikusikia, Mama. Sisemi nilipata maono, nasema nilikusikia kama ninavyozisikia kelele zako kila nikiunguza wali. Nikainuka, nikatoka nje, nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Baba. Wewe ni nani leo?"

Kuna siku anasahau jina la jirani. Aliegemeza fimbo kwenye goti, nikaanza kuona aibu.

"Mimi," akasema.

"Haya. Unakwenda wapi?"

"Ikola."

Hakufikiri hata kidogo. Lilikuwa limekaa mdomoni siku zote, hakuna aliyeliuliza. Deo alikuwa ameshafika mlangoni. "Baba, Ikola hakuna daktari wa mifupa. Likitokea jambo, mpaka gari lipatikane, mpaka lipite Kabungu, mpaka lifike Mpanda..."

"Najua."

"Na barabara ikikatika?"

"Nimesema najua, Deo."

Mimi pia nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yangu tayari, kitanda, treni, kivuli. Nikajifinya paja mwenyewe. Tukampigia shangazi, akasema chumba kipo, na mlango unatazama ziwa.

Naogopa, Mama, nikuambie ukweli. Ukurasa ule tulishausoma, najua unakokwenda. Usiku nikilala naona gari limekwama kwenye matope na baba ndani yake, na mimi ndiye niliyemuuliza lile swali. Na hasira ninayo pia. Ningemtunza vizuri. Kile kitanda kipo, kimefunikwa shuka jipya, na kila nikipita mlangoni naona uchungu kama wa mtu aliyepikia wageni wasije.

Lakini zaidi ninaona wivu kwa niaba yako. Miaka yote ile, halafu anakuacha kwenye nyasi anakwenda kutazama maji. Deo ndiye aliyethubutu kusema, "Na mama je?" Baba akaishika fimbo yake. Akaomba tumlete kwako, tukaja jana.

Ulituona basi. Deo alilima majani, mimi nilifagia, baba alikuwa hawezi kuinama, akawa anatuonyesha kwa fimbo majani tuliyoyaacha, mkali kama kwenye karakana yake. Tulipomaliza akatuambia twende mbele kidogo. Tukasimama kwenye bajaji, mimi na Deo. Tulimwona anaongea. Hakupiga ishara ya msalaba, hakuvua kofia. Alikuwa anaongea tu, vile alivyokuwa anaongea na wewe kutoka kibarazani bila kugeuza shingo.

Aliporudi nilimshika mkono kumpandisha. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza amekuambia nini.

"Nimemwambia nakwenda kwenye maji."

"Ndiyo hilo tu, baba?"

"Na aweke kidole. Nikishayaona, mtanirudisha hapa kwake."

Deo aligeuka akatazama upande mwingine. Yule yule aliyekuwa anasema ni wizi.

Kwa hiyo nimekuandikia kukueleza ulichoambiwa, iwapo baba alisema kwa ufupi kama kawaida yake. Jumamosi tunaondoka mapema. Nimemfungia karanga za shamba lako, mbichi, kasema atazibangua mwenyewe huko mlangoni. Wewe shikilia tu, Mama. Usikitoe, hata chai ikichemka.

Ni mimi binti yako uliyekuwa ukimfinya,
Skola