Kijitabu cha Kahawa Kimebadilishwa Nguo

Jumanne, Kianjokoma

Eti nimenakili! Siku tatu nzima nilibadilisha neno baada ya neno la kile kijitabu cha kupogoa kahawa, niandike insha yangu. Leo mwalimu wa chuo akainua karatasi yangu mbele ya darasa zima. "Huyu amekibadilisha kitabu nguo tu." Wakacheka.

Jioni, tukichuma kahawa, mama akauliza kijitabu chenyewe kinasema nini. Nikamweleza kwa Kiembu, mikono ikiendelea kuchuma.

"Si uandike hivyo hivyo ulivyonieleza?"

Nimeandika. Ukurasa mmoja, jina la mwandishi wa kijitabu nimelitaja, maneno yote yangu.

Kumbe mwalimu alisema kweli, na hilo linaniudhi zaidi. Lakini mama amenifundisha kwa swali moja, bila kuniaibisha.