Mzigo wa Silas Uliorudishwa

Nyumba za Walimu,
Habaswein.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Martin,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini joto la Doha limeanza kupungua, maana wifi Gatwiri aliniambia mgongo unakusumbua na bado unapandishwa kwenye majengo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka uchovu ule usioisha kwa kulala. Mvua bado hatujaiona. Mwikali, mwalimu mwenzangu ninayekaa naye, anakusalimu na kuuliza kama ni kweli huko mnakunywa maji ya bahari.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Alhamisi ilikatika ukiwa bado unanifokea, na mtandao uliporudi sikuwa na nguvu ya kufokewa upya. Mwanao Silas ameshakueleza upande wake. Sasa soma na wa shangazi yake, ukiwa umekaa.

Tangu lami ifike hapa, magari hayatuoni. Shule iko upande mmoja, bomba la maji upande wa pili, na watoto wanavuka na mitungi yao. Mbuzi waliogongwa tuliacha kuwahesabu. Mwezi wa tano aligongwa Hamdi wa darasa la nne. Gari halikusimama. Mguu wake uliunga vibaya, na sasa anatembea akiuburuta. Hakuwa Silas na gari lake la miraa, siku hiyo alikuwa nyumbani Maua na gari liko gereji. Niliuliza. Lakini kule kuuliza tu, kaka, kulinizeesha.

Tukaunda kamati. Mzee Hirsi ndiye mwenyekiti, nami wakanitia kwa sababu naweza kuandika barua za ofisini. Barua tumeandika, ahadi tumepewa. Mwishowe watu wakachukua majembe wenyewe, wakajenga matuta ya udongo na mawe mbele ya shule. Utacheka: wanaume wale wale waliojenga asubuhi, mchana miraa ilipochelewa, walirudi na majembe yale yale wakafungua njia katikati ya tuta ili magari ya miraa yapite. Tukajenga tena, wakafungua tena. Miraa ikifika imenyauka, hapa watu hawaelewani hata na wake zao. Methali ya haraka na baraka nimeifundisha mpaka imeniishia ladha.

Aliyepata dawa ni Bishara, bibi yake Hamdi. Ndiye muuzaji mkubwa wa miraa hapa sokoni, na mizigo karibu yote inapitia kwake. Alisema matuta ni kazi bure. Tupange matairi makuukuu mbele ya shule, na gari la miraa lisiposimama hapo, mzigo wake usinunuliwe siku hiyo, na yeye atakuwa wa kwanza kuukataa. Wanaume walinung'unika, lakini nani angebishana na Bishara? Wakaisoma Fatiha, na huku jambo likishasomewa Fatiha si la mchezo.

Wa kwanza kunaswa akawa wetu. Jumatano nilikuwa mlangoni mwa darasa nilipoiona ile pikapu uliyoinunua kwa mgongo wako ikipita katikati ya matairi bila kugusa breki. Watoto walikuwa ukingoni na mitungi. Silas akanipigia honi. Ndiyo, alikuwa ananisalimu.

Nikaitwa sokoni. Magunia yalikuwa bado garini, wanaume wamekaa na birika zao za chai wakiyatazama, Silas anaapa kwamba njia ilikuwa wazi. Mzee Hirsi akanivuta kando kwa heshima.

"Mwalimu, huyu ni mtoto yako," akasema. "Wewe ukisema tusamehe, leo tunasamehe. Fatiha tutasoma ingine."

Nilimtazama Bishara. Aliinamisha macho, nikajua angekubali kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Arudi na mzigo wake," nikasema.

Silas aliniangalia kama mtoto aliyepigwa na mtu asiyemtarajia, kisha akawasha gari akaondoka bila kuniaga. Najua ile miraa ilikufa kabla ya jioni. Wanaume walirudi makwao midomo mikavu, na mpaka leo wengine wananisalimu nusu nusu.

Uliniambia damu ni nzito kuliko maji, na kwamba nimewachagua watu wa huku nikamwacha wangu. Sikumwacha, Martin. Silas anaendesha kama mtu mwenye mwili mwingine wa akiba nyumbani. Mwaka jana, njia ya Modogashe, nilikuta gari la miraa limepinduka. Nilisimama hapo nikaona kwa macho yangu: magunia yalihamishiwa gari lingine kwanza, dereva akatolewa baadaye. Alikuwa kijana wa huko kwetu. Tangu siku hiyo, kila gari la miraa likipita namtafuta mwanao kwenye usukani, na nikimwona sipumui mpaka apotee.

Sijui kama kiapo hiki kitadumu. Mabasi hayabebi miraa, malori ya mawe hayabebi miraa, na hayo hatuna cha kuyanyima. Huenda wiki ijayo mtu akasamehewa na yote yakaishia hapo. Sina nguvu ya kukudanganya kwamba tumeshinda.

Ukizungumza na wifi Gatwiri, mwambie dawa za Baba nitazituma mwisho wa mwezi, na Baba mwambie bado sijaolewa na Msomali, atulie. Mungu akushike mkono huko juu unakopanda, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nina ombi moja tu. Silas hapokei simu zangu, ila wewe anakusikia. Usimwambie shangazi ameomba msamaha, maana sijaomba. Mwambie chakula chake bado nakiweka kila siku ya safari yake. Kikipoa nitakipasha moto. Achelewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinifokea,
Kathure