Taa ya Kijani ya Ezekia

Jumatatu, 2 Juni
Makambako. Ukungu mpaka saa nne. Nimeshinda kwenye faili kuu la maelezo, lile linalokiambia kila kifaa chetu cha kutahadharisha baridi kina sehemu zipi na kila moja ianze vipi. Kipimajoto: washa. King'ora: washa. Taa ya kijani: washa. Yote aliandika Ezekia, mwenzangu wa kazi. Miezi mitatu tangu tumzike, na sijagusa hata mstari.

Jumatano, 11 Juni
Sakitu imeanguka Matamba alfajiri, barafu nyeupe juu ya majani. Viazi vya mzee Lutengano vimekuwa vyeusi, shamba zima. Kifaa hakikulia, hawakuamka kufunika. Betri ilikwisha. Mkewe kanipigia. Hakugomba. "Tulilala tukikitegemea." Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepima. Wiki nzima hakuna jua, sola haijazi kitu, na taa inawaka usiku na mchana. Taa ndiyo mlaji. Bosi anataka izimwe kwenye faili kuu, vifaa vyote vifuate. Ana haki. Nimemchukia kutwa.

Kifaa cha kwanza Ezekia alikifunga shambani kwa mama yake, jirani na mzee Lutengano. Mama hajui kusoma. Akiona taa, anajua kifaa kizima. Ndiyo maana ya taa. Nilimwambia inakula betri. Akanicheka: "Dada, wewe bahili hata wa mwanga." Nikanyamaza. Alipokufa nikanyamaza zaidi, eti namheshimu marehemu. Viazi vya watu vimelipia heshima yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Nimekwenda Matamba kumwambia mama yake. Kila asubuhi husimama mlangoni kuitazama taa. Kasema akiiona ni kama mwanawe kamtangulia kuamka. Nimeshindwa. Nimerudi na kiroba cha viazi alichonipa. Mwoga mimi.

Jumatatu, 16 Juni
Taa: zima. Neno moja tu. Nimelia ofisini, mlango wazi.

Kisha nikaandika faili dogo, la kifaa cha mama peke yake. Faili dogo likisema, kuu linanyamaza. Taa: washa.

Jumapili, 29 Juni
Matamba baada ya ibada. Nimempelekea mama betri kubwa. Kaniuliza kwa nini taa ya Lutengano imezimwa na yake inawaka. Nikamweleza yote, hata kunyamaza kwangu. Alimenya kiazi mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Betri mpe Lutengano. Na yangu izime. Mimi nalima kama wao."

Sikumbishia. Nimefuta faili dogo pale pale, kompyuta magotini.

Jumamosi, 5 Julai
Sakitu tena. Vifaa vyote vimelia, watu wameamka, wamefunika kwa nyasi. Mama kapiga simu. Viazi vyake vizima.

Kasema asubuhi bado anasimama mlangoni. Nikamuuliza anatazama nini.

"Mazoea tu, mwanangu."