Shamba la Ekari Kumi na Mbili

Jumanne, Machi 2008

Yaani ni mimi niliandika hilo swali? Mwaka jana niliingiza maswali yangu ya aljebra kwenye programu ya kompyuta, nikayasahau. Leo darasa la saba wamefungua moja, wakalisoma kwa sauti, pamoja, kama kawaida yao:

"Kamau na Kiprono wanagawana shamba la ekari kumi na mbili. Kamau anapata mara mbili ya Kiprono..."

Sauti zikakatika. Hapa Nakuru, baada ya Januari ile ya Wakikuyu na Wakalenjin kuchomeana nyumba na kufukuzana mashambani! Nikafuta majina, nikaweka A na B. Nikapumua.

Faith, ambaye nyumba yao ilichomwa, akainua mkono.

"Mwalimu, A ni kabila gani?"