Vyura wa Hesabu

Shoga, wifi yako mwalimu leo kaumbuka mbele ya mkaguzi wa shule!

Si unajua ule mchezo wake wa hesabu? Mtoto akikosea anageuka chura, anazunguka darasa zima akiruka. Eti ndiyo adhabu. Bingwa wa ubunifu, apewe nishani!

Basi mkaguzi kauliza, "Mbili jumlisha tatu?"

Mtoto wa kwanza, "Mia!" Huyoo, anaruka.

Wa pili, "Mia!" Naye huyoo.

MIA, shoga! Darasa zima vyura, wifi yako kaganda na chaki mkononi.

Mkaguzi kakunja uso. "Mwaka mzima, hakuna hata mmoja anayejua?"

Kachura kamoja kakaruka mpaka miguuni pake, kakamnong'oneza, "Ni tano. Lakini ukipatia, huruki."